Ngoma Nyuma ya Ukuta

Kila mara rafiki zangu wanapoanza tena ule ubishi, kama ilikuwa haki kurudisha ligi viwanjani huku mashabiki wamefungiwa nje, mimi hunyamaza. Wao huzungumza juu ya afya na riziki na roho ya mchezo, na wana maneno mazuri. Mimi nakumbuka ukuta mmoja mjini Kakamega, na mkono wa baba yangu ulioganda juu ya ngozi ya kenge.

Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, si mbali na Sigalagala, na humo alitengeneza vitanda, majeneza na ngoma za isukuti. Isukuti huenda tatu tatu: kubwa ni baba, ya kati ni mama, ndogo ni mtoto. Aliwamba ngozi za kenge, akazianika juani, kisha akazigonga kwa kidole huku ameinamisha sikio, kama daktari anayesikiliza kifua. Kifua chake mwenyewe hakukisikiliza. Vumbi la mbao lilikuwa limelala humo miaka mingi, na hata kabla ya korona daktari alishamwambia kwamba mapafu yake hayana nafasi ya ugonjwa mwingine.

Siku za mechi aliweka randa chini akaenda uwanjani. Aliongoza wapiga ngoma wa timu yetu, wazee watano na pembe moja. Hawakukaa jukwaani. Walisimama nyuma ya lango ambalo timu yetu ilikuwa ikilishambulia, na mapumziko yalipokwisha walibeba ngoma zao wakazunguka uwanja hadi lango la pili. Kukaa na ngoma nyuma ya kipa wako mwenyewe, walisema, ni kuliita bao. Nami nilianza kwenda nao kabla sijajua kusoma, hivyo nilikua nikijua jambo moja bila kuambiwa: mahali ngoma zilipo, hapo ndipo tunafunga.

Kipa wetu alikuwa kaka yangu mkubwa. Kwa hivyo miaka yote ile Baba alimtazama mwanawe kutoka mbali, uwanja mzima ukiwa katikati yao.

Ligi iliposimamishwa, kaka alirudi nyumbani na begi moja na glavu zake. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na goti lililojua mvua kabla ya mawingu. Mkataba wake ulikuwa unaisha pamoja na msimu ule na alijua hatapewa mwingine. Asubuhi nilimrushia mpira kati ya mipera miwili, naye akaruka, akaanguka kwenye majani yenye umande, akainuka akishika goti. Mchana nilirudi kwenye riwaya yangu ambayo haikuwa ikisonga. Mama yetu alikuwa ameshafariki, tulikuwa watatu tu, na Baba aliniita mimi Mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikisema zilikuwa siku njema nitakuwa nimesema kweli, ingawa redio ilihesabu wafu kila alasiri na karakana ilitoa majeneza mengi kuliko vitanda.

Kisha wasimamizi wa ligi wakauliza timu zote: mnarudi kucheza bila mashabiki, au tuufute msimu? Wachezaji wetu waligawanyika nusu kwa nusu. Neno la mwisho likabaki kwa nahodha, na nahodha alikuwa kaka.

Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, obusuma, ugali wetu, na mboga za kienyeji, Baba alipomwuliza atajibu nini. Kaka akasema atakubali.

"Mpira bila watu ni matanga bila watu," Baba akasema. "Maiti atazikwa, sawa. Lakini nani amefiwa?"

Kaka alijieleza taratibu, akiitazama sahani. Msimu ukifutwa, alisema, atakuwa amemaliza maisha yake ya mpira katika mechi ambayo hakujua kwamba ni ya mwisho, mechi ambayo hata hakumbuki vizuri. Anataka aage akijua anaaga. Halafu akasema lile jambo lingine, ambalo nadhani ndilo lililokuwa la kwanza moyoni mwake.

"Tukicheza bila mashabiki, Baba, wewe utakaa nyumbani. Hutaenda kukohoa katikati ya watu."

"Kwa hivyo geti linafungwa kwa sababu yangu."

"Kwangu mimi, ndiyo."

Baba alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na ilimbidi ashike meza. Alipopata pumzi alimwelekezea kaka tonge la obusuma kama refa anayeonyesha kadi.

"Haya, kipa. Nenda ukacheze na upepo. Lakini siku utafungwa mimi nikiwa nje, nitakupigia ngoma ya bao. Nitapiga mpaka uisikie."

Ulikuwa utani. Wale wawili walipendana kwa kuchokozana, hawakuwa na lugha nyingine. Lakini siku hiyo kaka hakucheka. Alinawa mikono, akatoka uani na simu, nikamsikia akisema ndiyo, tunarudi, mara mbili, kama mtu ambaye upande wa pili haumsikii.

Wachezaji walipimwa wakapelekwa kambini, na amri ilikuwa hakuna kutoka wala kutembelewa hadi msimu uishe. Mlangoni kaka aliniambia maneno machache: nimwangalie Mzee, asiende mahali penye watu. Nikamwahidi.

Siku ya mechi ya kwanza ya nyumbani, Baba alisema anaenda mjini kutafuta bawaba. Nilimwona akitia ngoma ndogo, ile mtoto, ndani ya gunia. Nilikuwa na kazi moja tu katika nyumba ile, kumzuia, na sikumzuia. Nilichukua gunia nikalibeba. Nimejaribu kujipa sababu nyingi za kitendo hicho, lakini sababu ni moja: niliona itakuwa sura nzuri ya kitabu. Wazee wakipiga ngoma nje ya uwanja mtupu. Nilitaka niwepo nikaione ili niiandike.

Getini palikuwa na askari. Nyuma ya lango moja kuna kichochoro cha mafundi wa pikipiki, na huko askari hawakujali. Tuliwakuta wale wazee wengine wanne wanasubiri, kila mmoja na gunia lake na maelezo yake ya uongo aliyoyaacha nyumbani. Mmoja alikuwa amekuja kununua panadoli. Mpiga pembe alikuwa amekuja mazishini, na mwenzake akamwuliza kama marehemu anajua.

Kipindi cha kwanza timu yetu ilishambulia lango lile lile, upande wetu. Hatukuona kitu, ukuta ni mrefu. Tulisikia. Sijawahi kusikia mpira kama siku ile: viatu vikigongana, kocha akimtukana beki wake, mpira ukipigwa kwa sauti kavu kama mlango wa kabati. Nyakati nyingine, mbali sana, sauti ya kaka akiwapanga mabeki wake. Baba alipoisikia alifumba macho. Walipiga ngoma kwa viganja, polepole, kuwajulisha wa ndani kwamba kuna watu.

Wakati wa mapumziko mvua ikaja, ile mvua yetu ya alasiri isiyobisha hodi. Tulijibana chini ya mabati ya fundi mmoja, bega kwa bega, barakoa zikiwa zimeteremka videvuni kwa sababu pembe haipulizwi na barakoa. Baba alikuwa amelowa hadi kwenye fulana na anacheka. Firimbi ilipolia, wote walirudi pale pale ukutani na ngoma zao. Ndani ya uwanja miguu yao ingekumbuka kuzunguka. Nje, kwenye matope, bila lango la kulitazama, hakuna aliyekumbuka. Hata mimi.

Haikupita muda, kelele zikalipuka karibu kabisa, ng'ambo tu ya ukuta. Watu wachache, lakini kwa nguvu, sauti ya vijana wanaorukiana. Sikufikiri. Ngoma zilikuwa hapa, na kelele zilikuwa hapa.

"Letu," nikasema. "Baba, ni letu."

Akapiga. Sijui niielezeje ngoma ile. Ilikuwa imekaa ndani yake tangu ligi iliposimama Machi, ikatoka yote kwa mara moja, na wale wengine wakamfuata, na pembe ikalia juu ya mabati na mvua. Walipiga kama watu waliorudishiwa kitu walichonyang'anywa. Niliona machozi usoni mwa mpiga pembe. Nilikuwa tayari natafuta sentensi.

Fundi akatoka na spana mkononi na simu sikioni. Alingoja kidogo, labda kwa heshima, kisha akasema, "Wazee, mnashangilia nini? Ni sisi tumefungwa."

Ngoma zilikoma moja baada ya nyingine. Ya Baba ndiyo iliyokoma mwisho. Mkono wake ulibaki juu ya ngozi, vidole vimetanuka. Akautazama ukuta kwa muda.

"Hatukuzunguka," akasema.

Nikamwambia labda kaka hakusikia, kwa sababu ya mvua.

"Mama, humo ndani hakuna mtu. Atakosaje kusikia?"

Tulirudi nyumbani bila bawaba. Jioni ile Baba alimpigia kaka simu, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena kesho yake na kesho kutwa. Mimi nilipata ujumbe mmoja: "Mwambie Mzee nimesikia." Sikumwambia. Nilisema kaka amechoka, kambini wanawabana sana. Kisha nikakaa kumwandikia kaka ukweli, kwamba ni mimi niliyekosea, kwamba ilikuwa sauti yangu. Nikaandika nikafuta. Mimi ninayejiita mwandishi nilishindwa na mistari mitatu, kwa kuwa mstari wa kwanza ungekuwa: nilimpeleka. Nikajipa hadi Jumapili.

Jumamosi Baba alishindwa kupiga randa. Alikaa juu ya benchi la karakana akivuta pumzi kama mtu anayevuta maji kisimani kwa kamba fupi. Hospitalini walimchukua mlangoni na kunirudisha mimi. Siku ya nne wakanipigia.

Alizikwa kesho yake, asubuhi, kama sheria ilivyotaka. Watu walikuwa kumi na watano kwa orodha, pamoja na mchungaji. Waliovaa mavazi meupe walilishusha jeneza haraka, na nililijua lile jeneza, alikuwa amelipiga randa yeye mwenyewe kwa ajili ya mteja aliyekuja kuchagua jingine. Baba alikuwa amepiga ngoma katika matanga ya kijiji kizima. Naibu wa chifu alikuwa ameshasema hakuna ngoma. Wazee wanne walisimama ng'ambo ya ua, barabarani, mikono mitupu, nasi tukawaona na hatukuweza kuwaita. Mmoja wao alikuwa anakohoa.

Kaka aliruhusiwa saa mbili. Alikuja na gari la timu, akasimama kaburini mikono ikining'inia kando, ile mikono mikubwa, na hakuitumia kwa lolote. Hakulia. Hakuniangalia.

Nilimfuata karakanani. Nikamwambia yote, kuanzia gunia. Alisikiliza akigusa makali ya msumeno kwa kidole gumba.

"Mlikuwa nyuma ya lango lipi?"

Nikamwambia, lile la upande wa mafundi.

"Kipindi cha pili?"

"Cha pili. Tulisahau kuzunguka."

Nilimwona akiupanga uwanja kichwani, lango, ukuta, kichochoro, kama anavyopanga mabeki wake.

"Kwa hivyo alikuwa hapo nyuma yangu," akasema. "Hatua kumi. Maisha yangu yote hajawahi kuwa karibu hivyo." Kisha: "Nilidhani ananicheka. Alisema atapiga, akapiga. Nikasema simwongeleshi mpaka ligi iishe. Nilifunga geti ili aishi, halafu yeye anakuja kunicheka."

Ngoma zilikuwa rafuni, ngozi zimelegea kwa unyevu, na hata zingekuwa zimekaza tusingeruhusiwa.

"Ilikuwaje?" akaniuliza. "Vile alipiga."

Nikaanza kueleza, akatikisa kichwa. Akanigeuzia mgongo, akasimama mlangoni akitazama mahindi, miguu imeachana, mikono imelegea, kama anavyosimama langoni wakati mpira uko mbali.

"Piga."

Nilipiga kwa vidole juu ya benchi la Baba, kwa upole ili wa nje wasisikie. Ngoma ya bao, yote, kama nilivyoikumbuka. Vumbi la mbao liliruka kidogo kidogo. Aliisikiliza hadi mwisho bila kugeuka, na nilipokoma alibaki vile vile, kana kwamba inaendelea.

Gari likapiga honi barabarani. Akavaa barakoa yake, akaenda.

Alidaka mechi zote zilizobaki. Uwanja ulipofunguliwa tena kwa watu, kipa alikuwa mwingine.