Mfalme wa Miaka Kumi na Tisa

Kwa miaka ishirini na kitu, mwanamke akifariki mjini Ibra, mtu wa kwanza kupelekewa gari alikuwa Mahbouba binti Harub. Hakutafutwa kwa ukubwa wa ukoo wake, maana hakuwa nao, wala kwa Kiarabu chake, ambacho wauzaji wenzake wa Soko la Jumatano walikuwa wakikiiga na kucheka mpaka wakashika mbavu. Alitafutwa kwa mikono yake. Alikuwa mwosha maiti, na mabibi wale wale waliomcheka sokoni ndio waliowausia binti zao kwamba siku yao ikifika asiwaguse mtu mwingine.

Kazi hiyo hakuzaliwa nayo. Alizaliwa Kigoma, nyuma ya duka la baba yake, akaolewa na Suud kabla hajatimiza miaka kumi na nane, na mwaka wa sabini na tano akaletwa Oman na kifungua mimba wake mgongoni, Yaarub. Ibra ya siku hizo ilimtoa machozi: mawe, jua, na jamaa za mumewe wakimuuliza mambo asiyoyaelewa. Aliyemwonea huruma ni jirani mmoja aliyetoka Unguja, Bi Asya. Alimfundisha mapishi ya wenyeji, akamfundisha Kiarabu cha kuombea maji, na mwishowe akamfundisha kuosha. Majani ya mkunazi yapondwe mpaka yatoe povu. Karafuu maiti iingie katika maji ya mwisho. Anza kuliani, mwili usiachwe wazi hata kidogo, na ulichokiona usikitoe nje ya mlango ule. Mahbouba aliyashika yote, akaongeza lake moja, kwamba alikuwa akizungumza nao. "Geuka, mama. Hivyo hivyo. Upande huu tumemaliza."

Mwili haukumficha kitu. Kwa kuutazama tu alijua nani aliteseka na nani alikwenda ghafla, nani alitunzwa na nani alitupwa chumba cha uani. Ndiyo maana jambo la Yaarub lilimkaa kooni. Agosti ya mwaka wa tisini na tatu, pikapu aliyokuwa akiendesha iligonga ngamia kwenye barabara ya Bidiya, ikapinduka. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alioshwa na wanaume, kama inavyotakiwa, akaletwa nyumbani ameshavishwa sanda, akafunuliwa uso kwa muda wa kusema bismillahi, akachukuliwa. Mama aliyeosha nusu ya wanawake wa mji hakujua mwanawe aliumia wapi. Alipomuuliza Suud, alijibiwa neno moja tu: "Usiulize." Naye hakuuliza tena.

Makaburini hakufika. Wanawake hawafuati jeneza pale, wala hawaendi siku nyingine, na makaburi yenyewe hayana majina. Mwanamume huwekewa jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, mwanamke akaongezewa la tatu katikati, basi. Kule Kigoma kaburi la baba yake lilisakafiwa kwa saruji likaandikwa jina na tarehe, na mtoto yeyote wa mtaani angeweza kukuonyesha. Huku alikuwa na Suud. Kila Ijumaa baada ya sala, kwa miaka kumi, Suud alipitia makaburini, na akirudi alivua kilemba, akakaa, akasema, "Nimempitia. Hajambo." Ni maneno mawili matatu, lakini Mahbouba aliishi kwa hayo. Siku nyingine za wiki zilikuwa za kuingojea Ijumaa.

Suud alikufa mwaka wa elfu mbili na tatu, kwa figo, baada ya kulazwa miezi miwili. Ijumaa zikaja na kupita, na hakuna aliyeleta salamu.

Alasiri moja ya Januari, mwaka wa elfu mbili na tano, mjukuu wake Ibtihal, mtoto wa binti yake, msichana wa miaka kumi mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alimwita kutoka sebuleni.

"Bibi, njoo tazama! Wanatoa Firauni!"

"Audhu billahi! Firauni gani tena?"

"Sio ile ya Nabii Musa, Bibi. Hii ingine. Tutankhamun. Ilikuwa mfalme mdogo, imekufa na miaka kumi na tisa."

Mahbouba alikuja na mwiko wake mkononi. Kwenye televisheni, wanaume walikuwa wamemtoa yule mfalme ndani ya jeneza lake, amelala juu ya ubao, mweusi na mkavu, wakimpeleka kwenye mashine ya kupiga picha za mifupa. Neno lake la kwanza lilikuwa la kazi.

"Mbona hawamfuniki?"

Ibtihal alicheka, lakini bibi yake hakuwa akicheka. Alikaa chini kabisa, akataka aelezwe. Mtoto akamweleza alivyoweza: Mwingereza mmoja alichimba bonde lile miaka na miaka, tajiri wake amekwisha kuchoka kumlipia, ndipo wakaona kipandio cha ngazi chini ya kifusi.

"Nani aliwaonyesha?"

"Hakuna mtu, Bibi. Wote wamekufa miaka elfu tatu. Wametafuta tu."

"Na walijuaje kuwa ndiye yeye?"

"Jina yake ilikuwa kwenye mlango."

Mahbouba aliinuka akarudi jikoni, na wali wa siku ile uliungua. Mwezi wa tatu Ibtihal akaja na gazeti: madaktari wametoa majibu. Hakupigwa kichwani kama watu walivyodhani. Wengine kati yao wanasema mguu wake wa kushoto ulivunjika, hapa, juu kidogo ya goti, siku chache kabla hajafa. Ibtihal alijishika paja kuonyesha, na Mahbouba akaangua kilio ambacho mtoto hakukielewa. Alimwonea wivu Firauni. Mfalme wa makafiri, mama yake amekwisha kuwa vumbi, hana wa kumuuliza, na bado watu wazima wanakesha wakimpima kila mfupa. Wa kwake yeye amelala mwendo wa dakika kumi kwa gari, mama yake yu hai, na hajui hata ni kaburi lipi. Aliona haya kwa wivu ule, lakini haukutoka.

Akampigia simu Thani, mdogo wake Suud.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nataka unipeleke kwa Yaarub."

"Makaburini? Shemeji, watu watasemaje?"

"Mama yako nimemwosha mimi, Thani, na dada yako pia. Sikwambii niingie. Nitakaa garini, unionyeshe kwa kidole, nilijue kabla sijafa. Halafu sitakusumbua tena."

Thani alimzungusha wiki mbili nzima. Mara gari iko gereji, mara ana wageni kutoka Nizwa, mara mafua. Mahbouba akawa anampigia kila siku baada ya alasiri, kwa adabu, bila kupandisha sauti, mpaka Alhamisi moja akamwona anasimamisha gari mlangoni.

Makaburi yako kwenye uwanda wa kokoto, nje ya mji, na ukuta mfupi umeyazunguka. Thani aliiacha injini inaunguruma, akaingia peke yake. Alikwenda mkono wa kulia, akasita, akarudi kushoto, akapita katikati ya safu kama mtu aliyepoteza ufunguo, mwisho akasimama na kuinua mkono. Mahbouba alishusha kioo. Miaka kumi na miwili, na sasa lile pale, kaburi la mwanawe, hatua arubaini tu kutoka garini. Alilitazama kwa macho yake yote, na ndipo alipoyaona mawe.

Thani alirudi akikung'uta vumbi kwenye kanzu. "Umeliona, shemeji? Ndilo lile."

"Nimeliona. Lina mawe matatu."

Thani aliingia garini, akafunga mlango.

"Yule ni mwanamke, Thani. Pengine nimemwosha mimi."

Thani alizima injini. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, na aliushika usukani kwa mikono miwili akalia.

"Wallahi silijui. Siku ile nilikuwa Sur, nimefika wameshafukia. Nisamehe. Nilitaka uridhike tu, urudi nyumbani."

"Suud alilijua. Alikuwa akija kila Ijumaa."

"Suud hakulijua, shemeji."

Akamweleza, polepole, bila kumtazama. Siku ya maziko Suud alikuwa ameshikiliwa na watu huku na huku, haoni mbele. Aliporudi baada ya matanga, wamekwisha kuzikwa wengine wiki ile ile, kokoto zile zile, mawe yale yale, na hakulitambua. Aliona haya kuuliza. Baba gani anauliza kaburi la mwanawe? Kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuuliza, na waliochimba wakaanza kufa nao. "Mimi mwenyewe aliniambia hospitalini, kwenye siku zake za mwisho. Kila Ijumaa alikuwa akifika pale mlangoni, anawatolea salamu wote kwa pamoja, halafu anarudi kwako."

Mahbouba alizifikiria zile Ijumaa zote, kilemba kikivuliwa, yeye akimkimbizia kahawa kwa furaha ya salamu. Alimchukia Suud. Kwa kitambo kile alimchukia kweli kweli, na kama angekuwa hai angemwambia maneno yasiyofutika. Kisha akamwona amesimama pale mlangoni peke yake, hajui ageukie wapi, na chuki ikamkimbia, akabaki na kitu kibaya zaidi. Duniani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua Yaarub yuko wapi.

Alifungua mlango wa gari.

"Shemeji, unakwenda wapi? Shemeji!"

Aliingia. Alilipita lile kaburi la mwanamke, akalitolea salamu yake kwa heshima, akaenda mpaka pembeni kabisa, kwenye kona ya ukuta, safu ya kwanza. Akasimama mbele ya kaburi la mawe mawili.

"Assalamu alaykum, mwanangu. Ni mama."

Akasogea la pili, akasema vile vile, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea na maiti zake. Kisha la tatu. Wanaume wawili waliokuwa wakipita walisimama nje ya ukuta kushangaa, Thani akawapungia mkono waende zao, akamfuata kwa nyuma, viatu mkononi. Mahbouba aliyaruka ya wanawake, mengine hakuruka hata moja. Safu ya nne ikaisha, na ya tano. Adhana ya magharibi ikatoka mjini.

"Shemeji, yallah twende," alisema Thani. "Giza hili. Yamebaki mengi sana."

"Tangulia wewe," alisema Mahbouba, akasogea kwenye linalofuata. "Mimi bado sijamfikia."