Uwanja Usiofagiwa

Jang'ombe, mwanamke hujulikana kwa uwanja wake. Kabla chai haijachemka, ufagio wa chelewa uwe umeshapita na mchanga umebaki na mistari. Mimi, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, niliacha kufagia, na mtaa mzima ukaamua kwamba nimeharibikiwa.

Sikuharibikiwa. Nilikuwa nimetoka eda ya kufiwa na mume, watoto wote wako Maskati, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nikajiunga na kinamama waliokwenda Chwaka kujifunza kilimo ambacho mwalimu alikiita pamakalcha. Nilifuata watu wa kuzungumza nao tu, nikarudi nimekipenda. Mwalimu alitwambia tuutazame msitu: haufagiwi, haumwagiliwi, na haufi njaa, maana kinachoanguka ndicho kinacholisha kilichosimama. Basi nikayaacha majani ya mfenesi yalale yalipoangukia, nikapanda mchicha na mabilingani katikati yake.

Shida ikawa kuieleza. Dada yangu mkubwa, anayekaa nyumba ya pili, alikuwa akija kila alasiri tunywe kahawa. Siku aliyoyaona majani alisimama mlangoni, akakunja uso.

"Hiyo pamakalcha ndo mdudu gani?"

Nikamwambia ni kuishi na ardhi bila ya kuichosha. Akasema ardhi haichoki, anayechoka ni mtu, na mimi ananiona nshachoka. Nikamwambia majani ni shuka, udongo nao huungua na jua. Akasema chini ya shuka hiyo mna nge. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajiambia, akiuona mchicha ataelewa.

Mchicha ulistawi, lakini dada hakuja kuuona. Mwanamke wa heshima hanywi kahawa jaani. Kila alasiri nilipika ya watu wawili, na iliyobaki nikayamwagia mabilingani, ndiyo pamakalcha hiyo. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa ndani ya eda, na siku nyingine nilimchukia yule mwalimu.

Kisha nikaenda Chwaka mazikoni, nikalala huko mpaka khitma ikasomwa. Niliporudi nilikuta moshi. Uwanja mweupe. Dada, na goti lake linalomuuma siku zote, ameinama anamalizia kona. Majani yanaungua pembeni, na mchicha wangu umo motoni.

"Shikamoo, dada," nilisema.

"Marahaba. Nshakufagilia, mdogo wangu. Watu wanakusema, na mimi silali. Nnajua ni majonzi tu, peke yako huyawezi."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Maneno nilikuwa nayo tayari, ya msitu, ya shuka, yote. Naye akajifuta jasho kwa upindo wa kanga, akakaa kibarazani, mahali pake pa zamani, akauliza kama kahawa ipo.

Nikaingia jikoni. Huko nyuma ya jiko alikuwa hajafika. Majani yalikuwa yamelala mazito, na pilipili zimeanza kutoa maua. Lilikuwa tuta langu zuri kuliko yote. Nilisimama dirishani nikilitazama mpaka kahawa ikachemka.

Nikatoka, nikammiminia kikombe.

"Dada," nikamwambia, "nyuma ya jiko nako kuchafu. Kesho utakuja?"