Mwanamke Aliyekataa Kunisemea

Mjukuu wangu wa kike anasomea ustawi wa jamii. Najivunia, na sifichi. Kijiji kizima nimeshakichosha kwa habari hiyo. Alipokuja likizo alinieleza kazi yenyewe kwa maneno marefu ya chuoni, kwamba mtu unamwezesha, humwamulii. Nikamwambia, mwanangu, kazi hiyo niliiona kwa macho yangu kabla mama yako hajazaliwa. Akasema basi andika. Mimi nimesoma kisomo cha watu wazima tu, na vidole vyangu vimezoea jembe. Lakini naandika.

Nilikuwa mwanamke kijana, nakaa Naipingo katika shamba aliloniachia marehemu mama. Kwetu Wamwera mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Mume wangu alihamia kwangu akitokea kambi ya karanga ya Nachingwea. Alikuwa Myao, mrefu, mcheshi, kazi yake kung'oa visiki nyuma ya matingatinga ya Wazungu. Akirudi ananukia grisi na udongo uliopinduliwa. Hata leo trekta likipita barabarani nasimama. Watu wanadhani naangalia trekta.

Karanga zikawashinda Wazungu. Mashine zikazimwa, watu wakaachishwa kazi, na mume wangu akawafuata wenzake kwenye mkonge, Tanga. Aliniambia, "Mvua za kwanza zitanikuta hapa." Mvua zikaja. Zikaja na nyingine. Nikapanda peke yangu, nikawinga nguruwe peke yangu juu ya dungu la kulindia mahindi, na kila mwanamume akikohoa njiani nageuza shingo.

Ndipo mjomba wangu alipokuja na neno lake. Kwetu mjomba, kaka wa mama, ndiye mwenye mambo yote. Yeye anakuozesha, yeye anakutetea. Ukiwa na shauri barazani, yeye ndiye anayesema, wewe unakaa kwenye mkeka nyuma na wanawake, kimya. Alikuwa amenipatia mchumba: mnunuzi wa ufuta wa Mandawa, upande wa Ruangwa, mtu mzima mwenye wake wawili na baiskeli mpya.

"Shehe atakufungua kwenye ndoa hiyo," akaniambia. "Mume asiyeleta hata chumvi si mume."

"Subira yavuta heri, mjomba."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Jitazame, umekonda kama mpini."

Mnunuzi yule hakuwa mtu wa kuhamia kwa mwanamke. Alitaka nimfuate Mandawa. Shamba la mama lingepewa mpwa mwingine, na mume wangu akirudi angebisha hodi kwenye mlango wa watu. Nimwambie nani? Wa kunisemea kwa mjomba alikuwa mjomba huyohuyo.

Msimu ule ule serikali ikatuletea bibi maendeleo, mwanamke Mwafrika aliyetoka mbali huko kaskazini, kazi yake kuzunguka vijijini kukaa na akina mama. Alikuja kwa baiskeli, amevaa viatu na soksi, mkoba begani. Sasa, sisi tulijua mtu wa serikali mwenye mkoba anakuja kuhesabu wake, maana zamani zile mwenye wake wengi alitozwa kodi zaidi. Alipoonekana tu, wake wadogo wote wakakimbilia mashambani. Shoga yangu, mke wa pili wa jirani, alijitosa kwenye ufuta na mwiko mkononi.

Bibi maendeleo akakuta kijiji cha wake wakubwa watupu. Akauliza, "Mbona sioni wanawake vijana hapa?"

Mke mkubwa wa jirani akamjibu bila kupepesa, "Wamekufa wote, bibi."

Kule kwenye ufuta shoga yangu akapiga chafya.

Yule mgeni alicheka mpaka akakaa chini. Hakumwita mtu atoke. Aliomba maji, akavuta ungo, akachambua mboga pamoja na waliokuwepo, mpaka njaa ikawafufua wafu mmoja mmoja.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alirudi mara kwa mara. Alitufundisha kushona, kumpikia mtoto uji wa karanga, na kuandika herufi kwa kijiti mchangani. Siku moja nikitwanga, yeye akipepeta, nikamwaga shida yangu yote. Nilidhani atapanda baiskeli aende Nachingwea kwa bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, mjomba aitwe, atetemeke kidogo.

Badala yake akaniuliza, "Wewe unataka nini?"

"Mjomba anataka niende Mandawa."

"Mjomba nimemsikia. Wewe?"

"Mume wangu, nadhani, angependa..."

"Mume wako yuko Tanga, dada. Nakuuliza wewe."

Nilikasirika. Nilitwanga mpaka mtama ukaruka nje ya kinu. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mume wangu niliyempenda hivyo. Naye hakunisaidia kwa neno. Alijua kunyamaza kama mwindaji. Mwisho nikasema, "Nataka kukaa kwenye shamba langu nimngoje mume wangu, mpaka nichoke mwenyewe."

"Basi, hayo mwambie mjomba."

"Mwambie wewe! Si wewe mtu wa serikali?"

"Nikimwambia mimi, atanitii mimi. Nikihamishwa je, wewe utabaki na nini?"

Nilimwona mkatili. Nikaenda kwa shoga yangu, nikamwambia mwanamke yule anakula mshahara wa bure. Shoga akanitazama juu mpaka chini. "Kwani mdomo wako umeota majani?"

Wakanifanyisha mazoezi, wote wawili. Shoga akavaa kofia ya mumewe, akashika fimbo, akawa mjomba. Alikohoa kama yeye, akanifokea kama yeye, na mimi kila nikifungua kinywa nacheka au nalia. Bibi maendeleo anasema tu, "Tena." Nikisema kwa hasira, ananiuliza, "Ukimaliza hivyo, mjomba wako atatokaje pale na heshima yake?" Kwa hiyo nikayapika maneno upya, tena na tena, mpaka yakaiva.

Siku ya baraza mnunuzi alikuja na ndugu zake. Mjomba akaanza kwa kusema kuwa mpwa wake ameridhia. Mimi niko kwenye mkeka nyuma, bibi maendeleo amekaa kati ya wanawake, anatazama mikono yake. Nikasimama.

"Mjomba, kwa heshima yako, sijaridhia."

Mzee mmoja aligeuka huku na huku kana kwamba mbuzi amesema. "Nani huyo?"

"Ni mimi. Shamba hili mama alilifyeka akiwa na mimba yangu. Naomba nibaki nimngoje mume wangu. Nikichoka, nitakuja mwenyewe kwako, mjomba, na wewe ndiwe utakayeniozesha, si mwingine."

Mjomba akamkazia macho bibi maendeleo. "Wewe ndiwe uliyemfundisha haya?"

"Mimi nimemfundisha kushona, baba. Na hata huko kushona bado."

Watu wakaangua kicheko, na mjomba naye kikamponyoka, nikakiona. Akagonga fimbo chini. "Baki, basi. Lakini nguruwe wakimaliza mahindi yako, usinililie." Mnunuzi akachukua baiskeli yake, hakuaga.

Nilidhani bibi maendeleo atanisifu. Aliniuliza, "Shamba lote lile utalilima na nani?" Ndipo sisi wanawake tukaanza kulimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa shoga.

Kabla ufuta haujakomaa akahamishwa, wapi hasa sikujua. Nilimsindikiza mpaka barabara ya Mnero, nikisukuma baiskeli yake ili nayo iende polepole. Nilikuwa na maneno mengi, na siku hiyo nilikuwa nimeshajifunza kusema, lakini hayakutoka. Akanishika bega, akapanda, akaenda.

Mume wangu hakurudi. Nilimngoja, na siku nilipochoka nilikwenda kwa mjomba kama nilivyoahidi, akaniozesha mtu mwema aliyehamia kwangu. Huyo ndiye babu wa mjukuu wangu. Sina la kumlaumu.

Lakini mwaka ule wa kwanza baada ya baraza, ufuta wangu ulirefuka kunipita kichwa. Niliukata, nikaufunga miganda, nikaisimamisha juani shamba zima ikiegemeana. Ilipokauka, asubuhi moja nikapanda juu ya dungu nitazame. Nilitaka watu wawili tu waje waone, mmoja yuko kwenye mkonge, mwingine serikali imemchukua. Njia ilikuwa nyeupe, haina mtu. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali, kisha nikashuka, nikatandika mkeka, nikaanza kupura.