Mjomba wa Kwenye Kanda

Binti yangu anasema nizitupe kanda zangu za video. "Mama, picha zote hizi zimo kwenye simu." Namjibu kwamba hata maji yamo bombani, lakini Dodoma hii mwenye akili ana pipa. Anacheka, kisha anaendelea kufuta vumbi kwenye makasha, maana ndiyo kazi niliyompa.

Kanda zangu zimejaa kabati zima sebuleni, hapa Mkonze. Nilianza kuzikusanya miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kujaa madukani na kila aliyekwenda Dar akarudi na kitu. Nilikuwa karani kijana katika ofisi ya serikali, naishi na mama yangu kwenye chumba na sebule, na nilinunua televisheni na deki ya mkono wa pili kabla sijanunua kitanda cha maana. Kituo cha televisheni hatukuwa nacho bado. Ile televisheni kazi yake ilikuwa kuonyesha kanda tu, na kanda niliagiza kwa madereva wa malori waliokuja kupakia mahindi Kibaigwa. Waliniletea picha la Kihindi, au la ngumi, na mara nyingine kasha la picha moja lenye picha nyingine kabisa ndani yake. Hilo liliniudhi hadi nikakosa usingizi. Mimi ni mtu wa mpangilio. Kanda ikae kwenye kasha lake, irudishwe mwanzo kabla ya kuhifadhiwa, na mtu asiguse utepe kwa kidole.

Mama alikuwa anagusa.

Ndipo akaletwa bibi, mama yake mama, kutoka kijiji kimoja mbele ya Hombolo. Alikuwa anakohoa na amekonda, na hospitali wakasema ni kifua kikuu. Sindano kila siku, kisha vidonge kwa miezi. Muuguzi alitueleza bila kuzunguka: wagonjwa wengi hupata nafuu upesi, wakadhani wamepona, wakarudi vijijini, na ugonjwa ukiwarudia huwa mkali kuliko mwanzo. "Msimwache aondoke kabla ya kumaliza dozi," alisema. Ni rahisi kusema. Mvua zilikuwa zinakaribia, na bibi hakuwahi maishani mwake kumwachia mtu mtama wake.

Mwanzoni hakuwa na nguvu za kubishana. Alipoanza kumaliza ugali wake na kunitania, tukajua hatari imefika. Aliniita mke mwenzake, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu. "Mke mwenzangu, makasha yote haya, na hakuna hata moja lenye mume ndani?" Na asubuhi moja tukamkuta amekaa mlangoni, mzigo wake ameufunga kwa kanga.

Mama hakubishana naye. Aliingia ndani akaweka kanda.

Lilikuwa picha la Kihindi, na Kihindi mama hakujua hata cha kuombea maji. Bibi naye Kiswahili kilimpiga chenga. Mambo yake aliyataka kwa Kigogo. Basi mama akaketi kando yake akaanza kutafsiri. Yule mwenye masharubu ni mjomba wa binti, ndiye aliyemlea, kwa hiyo anadai ng'ombe wa mahari. Stelingi, yule kijana anayemposa binti, hana ng'ombe. Ana mbuzi tu, na mmoja wao ni kilema. Nilisimama pale nimefura. Picha nzima haikuwa na mbuzi.

Nilimfuata mama jikoni. "Mama, unamdanganya bibi."

"Kwani wewe unajua wanachosema?"

"Sijui."

"Basi nyamaza."

Niliporudi sebuleni bibi alikuwa amesogeza kigoda mbele. "Mjomba huyu ana roho mbaya," akasema. Stelingi alipofika kisimani, na mjomba amejificha anamvizia, mama akazima. Kesho, akasema, baada ya sindano. Bibi alimtukana kwa Kigogo tusi ambalo sitaliandika. Kulipokucha alikuwa wa kwanza kuamka, anauliza kama hospitali wamefungua.

Tukaendelea hivyo, kipande kwa kipande. Muuguzi alitaka madirisha wazi ili hewa ipite, televisheni ilitaka giza, na vumbi la Dodoma lilitaka deki yangu. Muuguzi ndiye aliyeshinda. Kila jioni nilisafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, huku nikilalamika peke yangu.

Siku moja ikafika ile sehemu ambayo hawa watu wanaimba na kucheza mvuani. Mama akaeleza kwamba ukame umekwisha, watu wanashangilia. Bibi aliafiki kabisa, kisha akauliza, "Mbona hawalimi?"

Nje mvua yetu wenyewe ilikuwa inapiga bati, na bibi akageuka akatazama dirishani. "Mtama wangu sasa magugu yamefika kiunoni," alisema.

"Wanasubiri mama yake stelingi apone," mama akasema haraka. "Mwanawe ndiye anapalilia."

"Anapalilia vizuri?"

"Vizuri sana."

Kule kijijini, mjomba wangu, mdogo wake mama, ndiye alikuwa anapalilia kweli. "Wangu hajawahi kupalilia vizuri," bibi akasema, lakini hakuinuka.

Mvua zilipokolea malori yakakwama na kanda mpya hazikuja. Mama akairudia ile ya kwanza, na hapo ndipo alipochemka. Alikuwa amesahau alichosimulia. Yule mwenye masharubu safari hii akawa mwenyekiti wa kijiji.

"Huyo ni mjomba," bibi akasema.

"Hapana mama, ni mwenyekiti."

Bibi alisimama. "Mji gani huu, mtu analala mjomba anaamka mwenyekiti? Kama mnanidanganya kwa jambo hili, na hizo dawa je?" Akaanza kutafuta kanga yake.

Niliogopa. Akilini nilimwona njiani kuelekea kijijini, dozi nusu, na kikohozi kikimfuata nyuma. "Ni mjomba, bibi," nikasema. "Mama amechanganya makasha. Huyu ndiye yule aliyemkataa mbuzi kilema." Nikaisimulia picha yote tangu mwanzo, kila mbuzi mahali alipowekwa na mama. Kumbe wakati wote ule wa kununa nilikuwa nasikiliza.

Bibi aliacha kutafuta kanga. "Mke mwenzangu anajua," akasema, akaketi. Tangu hapo nilikaa kati yao kila jioni. Mama akipoteza mbuzi, mimi namrudisha.

Alimaliza dozi. Hospitali walipotuambia kifua ni safi, mama alilia mbele ya watu na mimi sikuona aibu. Siku ya kuondoka bibi aliomba ile kanda, ingawa kwake hakukuwa na umeme. Mtu mwingine ningemnyima. Niliirudisha mwanzo, nikaitia kwenye kasha lake, naye akaifunga kwenye kanga pamoja na sukari. Alipalilia misimu mingi baada ya hapo. Tulipomzika, miaka mingi baadaye, kanda ilirudi kwangu ikiwa safi kuliko zangu zote.

Mama naye alihamia kijijini kulima zabibu. Mwaka huu ugonjwa wa sukari umemletea kidonda mguuni, nikamleta hapa kwangu, na kidonda kinasafishwa kila siku na muuguzi anayekuja hapa nyumbani. Kimeanza kupona, kwa hiyo juzi nilimkuta mlangoni, mzigo ameufunga kwa kanga. Msimu wa kupogoa umefika, anasema.

Binti yangu alitaka kusaidia. Akaitafuta picha ile kwenye simu, akaipata, na maandishi ya Kiswahili chini. Mwenye masharubu ni meneja wa benki. Nilipandwa na hasira ambayo siwezi kuitetea. Mama alivaa miwani, akasoma kidogo, akairudisha simu. "Walioandika hawakuelewa," akasema.

Nikatoa kanda. Deki iliguna, kisha ikakubali.

Mama alinitazama mimi, si televisheni. "Unanifunga kwa dawa niliyoitunga mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na zabibu zangu?"

"Mjomba anapogoa."

"Yule hajawahi kupogoa vizuri." Akauinua mguu taratibu akauweka juu ya kigoda. "Haya, simulia. Ukikosea nitakusahihisha."

Nikasimulia. Alinisahihisha mara nyingi, na binti yangu akaiweka simu kando akaketi chini miguuni pa bibi yake. Stelingi alipofika kisimani, nikazima. Mama akanitukana kwa Kigogo, tusi lile lile la mama yake. Kisha akauliza muuguzi atakuja saa ngapi kesho.