Chungu Kisichoonjwa

Baba yangu hakuwa mlevi, na nitagombana na yeyote atakayesema hivyo. Alikunywa Jumamosi tu, busaa tu, ile pombe ya unga uliochachushwa na kukaangwa, na kwa dada yake tu. Asubuhi alitoka kwetu Mabanga, akasafiri hadi Kitale, akaingia mtaa wa Matisi kwa shangazi, ambako mrija wake mrefu ulining'inia ukutani na hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuugusa. Jioni alirudi akiwa na maneno mengi kidogo kuliko alivyoondoka. Hayo ndiyo yaliyokuwa makosa yake yote.

Lakini miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, pombe ilikuwa imeanza kuua watu. Kila mara tulisikia redioni kwamba mahali fulani wamekunywa kitu, wengine wakapofuka, wengine hawakuamka. Mimi nilikuwa nikifundisha Bungoma mjini, na likizo ile nilikuwa nyumbani. Mama akaniambia niende na baba nikaone anachokunywa.

"Mwambie, na asiposikia, basi, sikio la kufa halisikii dawa," akasema. "Lakini enda."

Lazima nieleze jambo moja kuhusu uani kwa shangazi. Busaa inanywewa watu wakizunguka chungu, kila mtu na mrija wake, na hakuna anayenyonya kabla ya aliyeipika. Mpishi huonja mbele ya macho yao, akameza, ndipo wazee huinamisha mirija. Shangazi alifanya hivyo miaka mingi, tena kwa madaha, kama bibi harusi anayeonja keki.

Tatizo ni kwamba hakuishia kuonja. Mume wake alipokufa alianza kunywa mpaka tukamchoka. Baba ndiye aliyemwokota mtaroni karibu na soko la Kitale, si mara moja, akambeba mgongoni huku watu wakicheka. Halafu siku moja mhubiri akaja na spika zake uwanjani, shangazi akaenda mbele akilia, akaokoka. Pombe hakuacha kuipika, kwa sababu watoto wake walikula kutoka kwenye pombe hiyo. Aliacha kuonja. Kanisa lilinung'unika, ila lilimvumilia.

"Mimi si mtu wa kuonja," aliniambia wakati ule. "Mimi nikionja, nakunywa."

Wateja nao walimhurumia, wakakubali mtu wake wa kukaanga unga wa busaa awe ndiye anayeonja kwanza badala yake. Sisi watu wa huku tunamheshimu aliyeokoka hata pale ambapo heshima hiyo inaweza kutuua. Nasema hivi kwa hasira, maana hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Jumamosi ile tulipofika, uani kulikuwa kimya isivyo kawaida. Wazee watano walikuwa wamekaa wakikitazama chungu kipya, na hakuna aliyekuwa akinywa. Nyuma yao chungu cha zamani, kilichobaki nusu, kilikuwa kimefunikwa kwa sinia. Mtu wa kukaanga hakuwepo. Yeye ndiye aliyechanganya pombe ile peke yake, shangazi akiwa kwenye mkesha wa maombi, kisha akasema anakwenda Moi's Bridge kuangalia mahindi. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Shangazi alinisalimia bila kuniangalia. Alikuwa amechuja pombe ile kidogo na kuwatupia kuku machicha yake. Kila nilipofika kwake kuku wale walipigana juu ya machicha mpaka manyoya yakaruka. Siku ile walisimama mbali, shingo juu.

"Baba, tusinywe hii," nikasema.

"Wewe umekuwa kuku?" akanijibu, na wazee wakacheka.

Alichukua mrija wake ukutani. Shangazi akamshika mkono.

"Kaka, wacha. Hii pombe sijui. Inanukia kama rangi ya mlango."

"Ati rangi! Si useme tu unataka tuokoke sote, bana."

Kosa lilikuwa hapo. Tangu aokoke, shangazi alikuwa akiwahubiria huku akiwamiminia. Kila alipotia maji ya moto chunguni alitia na neno la jehanamu. Sasa alikuwa na onyo la kweli, na masikioni mwao lilisikika kama mahubiri ya kila wiki. Alimsihi, akataja watoto, akataja mama yangu. Baba alizidi kutabasamu. Kwa ukaidi huo sijui nilirithi kiasi gani.

"Dadangu, nimekunywa kwako maisha yangu yote," akasema, na akatumbukiza mrija.

Shangazi akamnyang'anya. Aliuangalia ule mrija, nami nikajua anachotaka kufanya. Akanyonya.

Akatema hapo hapo. Uso ulimkunjamana, akapiga chungu teke kwa nguvu zake zote. Kilipasuka, na pombe ikatiririka mpaka kwenye viatu vya baba. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia. Baba alibaki ameshika hewa pale mrija ulipokuwa.

"Nipeni kitu kitoe hii ladha mdomoni," shangazi akasema.

Mtu mmoja, kwa wema kabisa, akafunua chungu cha zamani, akachota kikombe na kumpa. Pombe ya chungu hicho ilikuwa nzuri. Nilimwona akinywa, nikasubiri ateme. Hakutema. Alifumba macho, akamaliza, akanyoosha kikombe tena.

Baba akasema, "Dada, inatosha."

"Ngoja kidogo," akajibu, kwa sauti ya zamani ambayo sote tulikuwa tumeisahau.

Mtu wa kukaanga hakurudi tena Matisi, wala hatukujua alitia nini. Kanisa lilimtenga shangazi, kwa kuwa habari za kunywa kwake zilienea na hakuna aliyetaka kusikia sababu. Kuanzia hapo alionja kila chungu tangu asubuhi, mpaka mtaro ukampokea tena.

Baba hakugusa mrija tena maishani mwake. Alianza kusafiri kwenda Kitale Jumapili badala ya Jumamosi, akakaa kwenye benchi la nyuma la kanisa la shangazi, kando ya mahali alipokuwa akikaa dada yake. Kofia yake aliiweka mahali hapo, na mtu akitaka kukaa alimwambia, "Hapa pana mwenyewe, yuko njiani."

Tulimzika shangazi Mabanga kabla mahindi ya mwaka uliofuata hayajakomaa. Jumapili iliyofuata nilimsindikiza baba kanisani, akakaa, akavua kofia, akaiweka pale pale.