Tikiti ya Mtito Andei

Wiki jana nilikuwa stesheni mpya ya treni pale Kibwezi, nikielekea Mombasa, nikamsikia nyanya mmoja akibishana na askari wa mlangoni, aliyemwita "susu", yaani bibi kwa Kikamba.

"Susu, bila tikiti huwezi ingia."

"Kwani nimesema nasafiri? Msichana wangu anapita na hiyo treni, ametoka Nairobi na mtoto. Nataka tu nimpee hiki chakula, muthokoi wa mahindi ya kukoboa, kwa dirisha, nione huyo mjukuu. Sijawahi mwona."

"Dirisha za hii hazifunguki."

"Hazifunguki! Na watu wanapumua aje?"

Askari alimwonyesha kaunta ya tikiti, nami na digrii yangu nikabaki nikikumbuka ya zamani. Nikiwa mdogo, treni ya zamani ikisimama, stesheni nzima ilikimbilia madirisha. Mayai yalipanda, salamu zikashuka, na watoto wachanga walipitishwa kama vikapu hadi filimbi ilie. Hakuna aliyedaiwa tikiti ya kusalimia. Leo tuna marumaru na kiyoyozi, na maendeleo hayo tunayasifu kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Nyanya aliguna, akaenda kaunta, akakata tikiti ya stesheni inayofuata, Mtito Andei.

Treni ilipofika, alimpata bintiye behewani mwetu, akampokea mtoto, akampakata. Tulipofika Mtito, mhudumu alimwinamia.

"Susu, umefika."

"Mimi nimefika," akanong'ona bila kuinua macho. "Lakini huyu ndio amelala saa hii."

Mhudumu alitazama mlango, akamtazama mtoto, kisha akamuuliza polepole kama angependa kuongeza tikiti hadi Voi.