Mwani wa Saa Nane

Wapo hapa kijijini wanaosema marehemu mume wangu, Anselme Duboc, alikuwa mfagia mwani tu. Kweli, alifagia mwani. Miaka thelathini na moja alilinda machujio ya kituo cha umeme wa nyuklia kilicho chini ya jabali letu, pale maji ya bahari yanapoingia kupoza mitambo. Machujio yakiziba, mitambo huzimwa, na nchi huanza kuhangaikia umeme kwingine.

Machi ya mwaka wake wa mwisho kazini baridi ilirudi na kila nyumba ikawasha hita. Dhoruba nayo ilikuwa imeng'oa mwani. Jumatatu Anselme akapiga hesabu ya mwandamo wa mwezi, unaoongoza kujaa na kupwa kwa maji, kwa daftari la baba yake, akamwendea msimamizi wa zamu, Bi Renoult.

"Mama, kesho saa saba mchana maji yakijaa, mwani utaingia. Nipe watu sita na malori."

"Kompyuta haijasema kitu, Mzee Duboc."

"Kompyuta si mzaliwa wa hapa."

Bi Renoult akacheka. "Haya. Ila naandika jina lako kwenye kitabu cha zamu."

Hapo ndipo penye uzito. Kwa vizazi vitatu hakuna Duboc aliyeikosea bahari, naye alibakiza miezi miwili astaafu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na wote sita, na maneno yao yanalingana. Saa saba ilifika, maji safi kabisa. Firmin, fundi mwenzake, akaegemea reki.

"Vipi mzee, mwani umepitia kilabuni?"

"Mwache mzee," mwingine akadakia, "labda mwani bado unavaa viatu."

Anselme akachungulia alama za kina ukutani. Maji yalikuwa bado yanapanda. Akatazama saa, akajipiga paji la uso. Jumapili saa za nchi nzima zilikuwa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka majira ya joto yakikaribia. Daftari la baba yake halikujua mambo hayo; saa saba yake sasa ilikuwa saa nane.

"Kaeni. Ni saa nane."

"Ya leo au ya mwakani?" Firmin akauliza.

Saa nane kasoro dakika tano maji yakageuka meusi kwa mwani. Reki hazikupumzika hadi jioni, na mitambo haikuzimwa hata dakika moja. Wakulima walikuja na matrekta kujichukulia mwani uwe mbolea. Firmin, mwani hadi kiunoni, alikuwa akipakia malori.

Bi Renoult alitaka kuandika kwamba Duboc alipatia. Anselme akakataa.

"Andika na kosa langu, mama. Sisi hatufichi."

Nakala ya ukurasa ule ninayo: "Bw. Duboc alikosea saa. Bahari hakuikosea."